Waje Wakadirie Litembo, Sio Dodoma

Makamanda, kila bajeti tunaambiwa kuna mfumo mpya wa kidijitali unakuja. Tunatajiwa mabilioni. Lakini nani aliukadiria ugumu wa kazi, na aliukadiria akiwa wapi?

Kumbukeni mkataba wa Polisi wa mwaka 2011, ule wa mashine za alama za vidole. Sh bilioni 37, vituo 108. Mwaka 2016 Kamati ya Bunge ya PAC ikaelezwa kwamba asilimia 99 ya pesa zimeshalipwa, ila mashine zimefungwa vituo 14 tu. Yaani malipo yalikimbia, kazi ikabaki nyuma.

Mimi nasoma sheria, kompyuta siijui kivile. Ila bibi yangu wa Litembo kanifundisha kitu. Aliandikishwa kwenye mfumo fulani wa pembejeo kwa namba ya simu ya mjomba, maana yeye hana simu. Siku ya kuchukua mbolea, ujumbe ukaenda kwa mjomba, naye yuko Liuli ananunua usipa, mtandao hakuna. Bibi akarudi mikono mitupu, na mvua zilishaanza. Mahindi hayasubiri mtandao.

Siwalaumu vijana wanaoandika programu. Kuandika fomu ya usajili ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni bibi asiye na simu, majina yanayotofautiana kwenye kadi mbili, wakala ambaye umeme umekatika. Hayo ndiyo yanayokula muda na pesa, na ukikadiria ukiwa ofisini Dodoma huyaoni.

Tudai mambo mawili. Kwanza, mfumo ujaribiwe msimu mmoja kwenye kata chache, milimani Mbinga na huku ziwani Nyasa, ndipo bei ya nchi nzima ikadiriwe. Pili, mkataba uandike malipo kwa awamu: mkandarasi alipwe wananchi wakishahudumiwa, sio makasha yakishashushwa bandarini.

Na tusiishie kulalamika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Tuandike barua tuombe makadirio ya mifumo iliyoletwa kwetu. Wakikataa, watupe sababu kwa maandishi, tuisome mbele ya wananchi.

Barua ya kwanza naiandika mimi. Ya pili nani?