Karatasi ya Kura Ijaribiwe Kabla ya Kuchapishwa

Ndugu zangu wa Mombasa,

Agosti 2027 mtapewa karatasi sita kituoni: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Habari zinazonifikia huku Florida ni za wagombea na vyama tu. Mimi nawaandikia kuhusu karatasi yenyewe, maana jimbo ninaloishi limeonja uchungu wake zaidi ya mara moja.

Mwaka 2000, katika uchaguzi wa urais, kaunti ya Palm Beach ilikuwa na wapiga kura wengi wazee. Msimamizi wa uchaguzi, kwa nia njema kabisa, alikuza herufi ili wasome bila taabu. Majina hayakuenea ukurasa mmoja, yakagawanywa kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutoboa yakapangwa katikati. Mgombea Al Gore aliandikwa wa pili upande wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. La pili lilikuwa la mgombea mwingine, Pat Buchanan, aliyeandikwa upande wa kulia. Zaidi ya kura 19,000 za kaunti hiyo zilikataliwa kwa kuwa zilitobolewa mara mbili au zaidi. George W. Bush aliishinda Florida nzima, na kwa hiyo urais wa Marekani, kwa kura 537.

Mwaka 2018 ikawa zamu ya jirani yake, Broward. Huko nafasi ya useneta iliwekwa pembeni kushoto, chini ya maelekezo marefu ya lugha tatu. Macho ya watu yaliyaruka maelekezo, yakairuka na nafasi yenyewe. Kura za useneta zilipungua kwa zaidi ya 20,000 zikilinganishwa na za ugavana, na jimbo zima liliamuliwa kwa kura 10,033. Huenda mshindi angebaki yuleyule. Lakini watu wale walipanga foleni, na sauti yao haikusikika.

Nyinyi mnayo ya kwenu. Mwaka 2022 karatasi za ugavana za Mombasa na Kakamega zilitoka na picha zisizo za wagombea, uchaguzi huo ukaahirishwa hadi Agosti 29. Zilichapishwa Ugiriki, na wawakilishi wa vyama walisafiri hadi Athens kushuhudia kazi hiyo. Muuza mahamri yeyote wa Majengo angeonyeshwa karatasi ile mapema, angesema papo hapo: huyu siye.

Ndiyo maana nasema wakaguzi wa kwanza wawe wapiga kura wenyewe. Ichukuliwe karatasi ya mfano yenye majina ya kubuni, wapewe watu kumi, wakiwemo mzee mwenye mtoto wa jicho, kijana anayepiga kura mara ya kwanza, mama ambaye hakupata kusoma. Kila mmoja aambiwe amchague fulani, kisha mkae kimya mtazame kidole kinasita wapi. Msimweleze chochote. Ukishaanza kueleza, unayapima maelezo yako, karatasi umeiacha. Wakikosea wawili watatu mahali pamoja, hapo parekebishwe, kisha waitwe wengine.

Karatasi ya wadi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Wagombea wake ni wengi, na wagombea huru huja na alama ambazo watu hawajazizoea. Tena mwakilishi wa wadi ndiye atakayewasemea katika bunge la kaunti kuhusu mitaro na zahanati zenu.

Kuna pia suala la siri. Asiyeweza kutia alama mwenyewe husaidiwa na mtu anayemwamini, na asipokuwa naye, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala. Bibi anayetambua picha na alama bila kubahatisha hahitaji mtu wa kuchungulia kura yake.

Katika kura ya urais ya 2022 zilikataliwa kura 113,614. Si zote zilizoharibiwa na mpangilio wa karatasi, lakini mpangilio ni jambo tunaloweza kulirekebisha mapema, kwa gharama ndogo.

Basi tume ya uchaguzi ikiwaita katika vikao vya wadau, msiridhike na hotuba. Ombeni kuishika karatasi ya mfano ya wadi yenu kabla haijapelekwa kwa mchapishaji, na wa kwanza kupewa awe yule mama ambaye hakupata kusoma.

Wenu,
Florida, Marekani