Taa za Breki: Mmoja Akanyage, Mwingine Aangalie

Mwezi huu tunainama chini ya dashibodi. Usikunje uso, hata ovaroli huhitaji.

Kwenye gari lako kuna taa ambazo wewe dereva huzioni ukiwa kwenye usukani, ila kila anayekufuata anazitegemea. Ni taa za breki. Zikifa, wewe unapeta tu na muziki wako, huku wa nyuma hajui kama unasimama. Fikiria foleni ya jioni, daladala imekung'ang'ania nyuma, mtoto kasinzia siti ya nyuma. Hapo anayepokea kishindo wa kwanza ni nani?

Sasa watu wengi wakiambiwa taa haziwaki, mbio dukani. Leo globu, kesho swichi, keshokutwa fundi anataka abadilishe waya zote. Hela imekwisha, nyumbani mmeshanuniana, na taa bado haziwaki. Kumbe ukipima kwanza, mara nyingi kosa unalijua kabla hujatoa hata senti.

Umeme wa taa hizi una safari fupi. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unafika kwenye swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki, unakwenda nyuma kwenye globu, kisha unarudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Swichi yenyewe ina kijiti kinachobanwa na mkono wa pedali. Ukikanyaga, mkono unasogea, kijiti kinachomoka, umeme unapita.

Zima gari, vuta hendibreki, halafu mwite mwenzio. Mmoja akanyage, mwingine asimame nyuma ahesabu taa. "Haziwaki" peke yake haisaidii, mwambie ipi inawaka na ipi haiwaki. Kwenye magari mengine lazima ufungue swichi ya ufunguo ndipo taa ziwake, kwa hiyo jaribuni na hivyo.

Ikizima moja tu, anza na globu yake na pale inapochomekwa, maana kutu nayo inakata umeme. Globu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani, wa wati 5 kwa ajili ya usiku na wa wati 21 kwa ajili ya breki. Kwa hiyo taa kuwaka usiku haimaanishi upande wa breki nao ni mzima. Kama ile ya tatu ya juu inawaka na mbili za chini zimezima, swichi mara nyingi haina kosa, angalia globu na waya za huko nyuma. Zikizima zote, hapo mshuku fyuzi au swichi.

Fyuzi ndiyo rahisi zaidi. Angalia mfuniko wa boksi la fyuzi, mara nyingi imeandikwa STOP. Ikiwa imeungua, weka ya ampea zilezile, 15 kwa 15. Ikiungua tena, kuna shoti mahali. Usidanganywe uweke kubwa zaidi au kipande cha waya, maana kitakachoungua baadaye ni waya wa gari, na moto hauko mbali.

Fyuzi ikiwa nzima, chukua testa ya taa ya volti 12, bana klipu yake kwenye chuma cha bodi, kisha gusa waya za swichi. Kwenye swichi ya kawaida ya waya mbili, mmoja una umeme muda wote, wa pili unapata umeme pale tu pedali inapokanyagwa. Umeme ukiingia na usitoke hata pedali ikikanyagwa, swichi imekufa, nunua nyingine. Usipoingia kabisa, rudi kwenye fyuzi na waya wake. Ukiingia na kutoka vizuri, swichi iache salama, fuata waya kuelekea nyuma, hasa pale unapojikunja kila mlango wa buti unapofunguliwa. Gari lako likiwa na swichi ya waya nyingi zinazokwenda kwenye kompyuta, mpelekee fundi umeme mwenye mashine ya kupimia.

Halafu kuna dalili ambazo watu hawazihusishi na breki. Gari la otomatiki linagoma kutoka kwenye P hata ukikanyaga? Huenda swichi hii haipeleki taarifa. Na zile taa zinazowaka bila kukanyagwa, chungulia kwenye mkono wa pedali. Kuna kiplastiki kidogo pale kinachobana kile kijiti, kikimeguka taa haziwezi kuzima. Globu mbili za wati 21 zinakula kama ampea 3.5, gari likilala hivyo usiku kucha, asubuhi betri inaweza isistuke kabisa. Kuhusu ule mlio wa "nani kaacha taa?", muulize kwanza huyo kiplastiki.

Na usidhani ni mambo ya magari chakavu tu. Mwaka 2013, Hyundai na Kia waliyaita magari zaidi ya milioni 1.6 nchini Marekani kwa sababu ya swichi hii hii.

Kama unaishi peke yako, rudisha gari karibu na ukuta usiku, kanyaga, tazama wekundu kwenye vioo. Kama mpo wawili, fanyeni Jumamosi kabla ya kwenda sokoni, dakika 2 zinatosha. Na mkikuta zimezima zote, nendeni kwa daladala siku hiyo. Haina noma.

Tukutane mwezi ujao.