Watoto Wetu Washangilie Timu Ipi?

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa Kenya, Tanzania na Uganda, na hapa Dubai mabishano yameshaanza. Baadhi ya wazee wenzangu wanasema watoto waliozaliwa huku wasichanganywe akili: wana nchi yao, basi waishangilie hiyo hiyo. Naona wanakosea. Ushahidi wangu ni wiki tatu tu.

Tarehe 17 Disemba 2017 Zanzibar ilicheza fainali ya Kombe la Chalenji na Kenya, mjini Machakos. Njiani ilikwisha kuifunga Tanzania Bara 2-1, na Uganda, mabingwa watetezi, 2-1. Fainali ikaisha 2-2, Kenya ikashinda kwa penalti. Mjukuu wangu, akiwa na miaka kumi, alitazama pamoja nami kwenye simu. Siku zote nikimsemesha Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza. Siku ile akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Babu, kama Zanzibar ina timu, mbona haimo Kombe la Dunia?"

Swali hilo halijibiki bila ya historia. Ilinibidi nimweleze Mapinduzi ya Januari 1964, Muungano wa Aprili mwaka huo huo, na kwa nini jamaa zetu wengi walivuka bahari. Nikamweleza pia kwamba Machi 2017 Shirikisho la Soka la Afrika liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, kisha Julai likaitoa kwa hoja kwamba si dola huru. Mambo hayo nilikwisha kujaribu kumsimulia mara nyingi. Nikianza tu, huondoka. Mpira ndio uliomkalisha.

Tarehe 5 Januari 2018 ikaja fainali ya Kombe la Ghuba huko Kuwait, baina ya Oman na Falme za Kiarabu. Nyumba yetu ikagawika. Wajomba zake, wenye paspoti za Oman, walivaa nyekundu. Watoto wa Dubai wakavaa nyeupe. Baada ya sare ya 0-0 Oman ikashinda kwa penalti 5-4. Mjukuu alinuna mpaka usiku. Wajomba wakamtania kwa Kiswahili, naye akawajibu kwa Kiswahili.

Mtoto yule alihuzunika na Zanzibar mwezi wa Disemba na Falme za Kiarabu mwezi wa Januari, wala hakuona mgongano wowote. Wanaotaka achague ni sisi wakubwa, kwa sababu sisi tulilazimishwa kuchagua.

Lakini mpira peke yake hautoshi. Mtoto akitazama kwa Kiingereza, peke yake chumbani, atajua matokeo na basi. Tumfungulie watangazaji wa Kiswahili, na akae na mtu mzima wa kumjibu. Agosti 2025 mechi za CHAN zilichezwa mpaka Uwanja wa Amaan, Unguja. Wenye uwezo, 2027 wawapeleke watoto nyumbani wakakae jukwaani na watoto wa ami zao.

Mjukuu wangu sasa ana miaka 18. Zanzibar ikicheza, yeye ndiye anayenipigia simu kunipa matokeo, na hunipa kwa Kiswahili.