Mazungumzo ya Nyumbani: Watu 23 katika Elfu

Mwezi huu nataka tutazame jambo lililotendeka Uingereza zamani za Malkia Victoria, maana lina fundisho kwa kila mwenye nyumba na kila mwalimu.

Siku zile miji ya viwanda ilijaa watu upesi kuliko ilivyoweza kuwatunza. Taka zilirundikana milangoni, na vyoo vilivuja visimani. Mwaka 1842 Edwin Chadwick alitoa taarifa juu ya hali ya wafanya kazi. Katika Manchester alihesabu umri wa waliokufa: wastani wa jamaa za wakubwa ulikuwa miaka 38, na wa jamaa za vibarua miaka 17 tu, kwa kuwa watoto wao walikufa wengi mno.

Ndipo Lord Morpeth, mmoja wa mawaziri, akaleta mswada Bungeni mwaka 1847. Ukapingwa hata akauondoa. Walakini hakukata tamaa. Mwaka 1848 akauleta tena, nao ukapita. Wapinzani walisema kodi itaongezeka, tena serikali itainyang'anya miji uhuru wake. Neno hili la pili halikuwa la upuuzi, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi sheria ikafuata njia ya katikati. Iliweka Halmashauri Kuu ya Afya, lakini kazi yenyewe ya mifereji, maji na usafi wa njia ikaachiwa baraza la kila mji. Mji uliweza kuiomba sheria, ikiwa mlipa kodi mmoja katika kumi ametia sahihi. Na mji usiotaka je? Ikiwa kwa miaka saba wastani wa waliokufa kila mwaka ulizidi watu 23 katika elfu, Halmashauri iliweza kumpeleka mkaguzi, na sheria kutiwa nguvu pale hata bila ya ombi. Hivyo hesabu ya makaburi ilisema badala ya maskini wasio na kura.

Kazi hiyo haikuwa kamili. London haikuingizwa. Tena wengi, Chadwick mmoja wao, walidhani maradhi huletwa na harufu mbaya. Kumbe kipindupindu hupita katika maji, kama daktari John Snow alivyoonyesha mwaka 1854. Hata hivyo mbegu ilikwisha kupandwa, na sheria ya mwaka 1875 ikaweka wajibu wa afya juu ya kila wilaya ya England na Wales nje ya London.

Ndugu zangu, Morpeth hakuwa mganga wala fundi wa mifereji. Alikuwa na saburi, akakubali kushindwa mwaka mmoja ili ashinde mwaka wa pili. Nanyi akina baba, kabla hamjasema kwamba usafi una gharama, hesabuni kwanza gharama ya uchafu. Kwaherini hata mwezi ujao.