Muhogo Mchungu Hautupwi

Wapo wasomi wetu wanaodharau sinema za vichekesho. Kwao historia ya taifa imo katika sheria, mikataba na hotuba; kichekesho ni cha kupotezea jioni. Wengine huenda mbali zaidi na kusema kwamba sinema za mkoloni ni matusi matupu, heri zichomwe moto. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na nasema wazi kwamba pande zote mbili zinawanyima vijana wetu haki yao.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ya Tanganyika, ikishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg, ilitoa filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Mkulima anatoka shamba kwenda Dar es Salaam kutafuta mchumba, na walaghai wa mjini wanamchezea watakavyo. Haya, na tucheke. Lakini tukishacheka tuulize: ni nani aliyetaka tumcheke mshamba, na kwa nini?

Jibu haliko mbali. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa watawala uwezo wa kuwaondoa mijini Waafrika walioitwa wasiotakiwa. Kwa maoni yangu, kichekesho kile kilifanya kwa upole kazi ambayo askari waliifanya kwa nguvu: kumwambia mkulima kwamba mjini si kwake.

Sisi wa Kibondo na Kasulu tusijifanye hayatuhusu. Waha wengi walikwenda safari ndefu hadi kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba, ili wapate fedha ya kodi. Basi kusafiri hakukuwa kosa Muha alipokwenda kumtajirisha mwenye shamba. Kulikuwa kosa mwanakijiji alipokwenda mjini kwa hiari yake mwenyewe! Unafiki huu huuoni katika maneno ya sheria. Katika sinema unauona mara moja, kwa sababu mwenye kuchekesha hulazimika kuonyesha anamdharau nani.

Tena kuna jambo ambalo waliolipia filamu ile hawakulitazamia. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa. Januari 1962, miaka 10 tu baadaye, akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Je, mtu atasema bado kwamba hiyo si historia?

Hata leo mshamba mwenye lafudhi ya kwao hajaondoka katika vichekesho vyetu. Mjukuu wa manamba anaketi mbele ya televisheni akiicheka lafudhi ya babu yake, wala hajui kicheko hicho kilitoka wapi. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kufeli mtihani.

Mama wa huku Nduta hautupi muhogo kwa kuwa ni mchungu, wala hawapi watoto wautafune mbichi. Huuloweka, huuanika, huutwanga, ndipo watoto wale ugali. Nasi tufanye hivyo hivyo. Filamu hizi zionyeshwe katika vyuo vya ualimu, na kila mwalimu mwanafunzi ajibu maswali matatu kabla hajatoka chumbani: nani anachekwa, nani anacheka, na nani alilipa gharama. Atakayeyajibu kwa dhati ameanza kuijua nchi yake.