Wasee, TCP Haitumi Meseji

Wacha niseme bila kuzunguka: video nyingi za "jenga apu ya kuchati kwa dakika kumi na Node.js" zinafundisha uongo. Labda si wa kukusudia, lakini ni uongo. Unaambiwa ufungue seva, usikilize tukio la `data`, kilichofika ukipitishe kwa `JSON.parse`, kisha uwatumie wengine. Kwa laptopu yako inafanya. Anayefundisha anasema "ni hivyo tu", komenti zinajaa moto. Halafu watu wa kweli wanaanza kuitumia na inaanguka ovyo ovyo, hakuna anayejua ni kwa nini.

Sababu ni moja. TCP haitumi meseji, inatuma mkondo wa baiti. Inakuahidi kwamba baiti zitafuatana vile ulizituma. Haijawahi kuahidi kwamba zitakatwa pale ulipokata wewe. Mwaga ndoo tatu za maji kwa bomba: upande ule mwingine yanatoka maji, si ndoo tatu. Kwa hivyo `data` moja inaweza kuwa nusu meseji, ama meseji mbili na robo. `JSON.parse` ikipewa nusu, inatupa kosa.

Sasa mbona kwa laptopu ilifanya? Ju hukuwa kwa mtandao. Kwa Linux, ile njia ya ndani ya localhost kwa kawaida inabeba pakiti ya hadi baiti 65,536. Ethernet ya kawaida inabeba 1,500. Meseji yako ya baiti 4,000 ilipita nzima nyumbani, lakini huko nje lazima igawanywe. Pakiti moja ikipotea njiani na kutumwa upya, mwanzo wa meseji uko mkononi na mwisho bado uko safarini.

Hapo ndipo nakasirika, maanake kasoro hii haigongi watu sawasawa. Msee wa fiber Kilimani anaweza kukaa mwezi mzima bila kuiona. Anayeiona kila siku ni yule simu yake inashika mstari mmoja wa mtandao. Akilalamika, anaambiwa "angalia network yako". Apana. Network yake inafanya vile TCP ilisema itafanya. Ni programu yako haijui kusoma.

Najua mtaniambia, "Lakini Node haingoji, maktaba yake inashughulikia hiyo story." Basi tuelewane inashughulikia nini. Mwaka wa 1999 Dan Kegel aliandika kuhusu tatizo alilolipa jina C10K: seva moja itahudumiaje wateja 10,000 kwa wakati mmoja? Jibu moja kubwa lilikuwa soketi zisizosubiri. Ukiuliza soketi kama ina kitu na haina, mfumo haukulazi hapo. Unakujibu `EAGAIN`, yaani rudi baadaye, na unaendelea na wengine. Linux ina epoll na macOS ina kqueue, kazi yao ni kukuambia soketi gani iko tayari. Ryan Dahl alipoonyesha Node mwaka wa 2009, aliijenga juu ya fikra hiyo, na leo kazi hiyo inafanywa na libuv.

Ni kama mhudumu mmoja wa kibandaski. Hasimami jikoni akingoja chapati za meza moja, anazungukia meza zote. Fiti kabisa. Lakini huyo mhudumu hajui meseji yako inaishia wapi. Hiyo ni kazi yako, na si ngumu hivyo. Ni mambo manne tu.

Kwanza, weka mipaka. Tanguliza urefu wa meseji kwa baiti nne, ama maliza kila meseji na mstari mpya. Kila kipande kikifika, kiweke kwa bafa, toa meseji zilizokamilika peke yake na ubakishe mabaki. Weka na kikomo, ju baiti nne zinaweza kutangaza meseji ya karibu GB 4. Na usigeuze kila kipande kuwa maandishi kivyake: emoji nyingi ni baiti nne kwa UTF-8, na kipande kinaweza kuishia katikati ya emoji. Kiswahili chetu kitapita salama mpaka mtu acheke.

Pili, sikiliza jibu la `write`. Ikirudisha `false`, nyamaza mpaka `drain` itokee. Ukipuuza, Node haikukatazi, inazidi kurundika kwa RAM. Mteja mmoja wa polepole anayepakua faili kubwa anaweza kuangusha seva ya kila mtu. Na `pipeline`, ambayo iko tangu Node 10 mwaka wa 2018, inakufanyia hii kazi.

Tatu, sikiliza `error`. Muunganisho wa mtu mmoja ukivunjwa ghafla na hakuna anayesikiliza, programu nzima inazima. Wote wako nje kwa sababu ya mmoja.

Nne, kuna mteja anayepotea kimya, bila kwaheri. Weka `setTimeout` kwa soketi, lakini ujue inakuarifu tu, haifungi kitu. Kufunga ni wewe, kwa `destroy`.

"Tumia WebSocket." Poa, WebSocket inakuwekea mipaka ya meseji. Lakini mteja wa polepole bado yuko, na bafa yake bado inajaa.

"Utaogopesha wanaoanza." Maze, hawa ni watu wanaeleza offside na mistari ya VAR bila kupumua. Watashindwa aje na bafa? Kinachowaogopesha ni kuachwa usiku na kasoro ambayo kwa laptopu haionekani, wakidhani hawana akili.

Kwa hivyo ombi langu kwa mnaofundisha ni hili. Kabla hujapost video yako, andika mteja wa majaribio anayetuma meseji baiti moja moja, akipumzika kidogo kati ya kila baiti. Halafu atume meseji tatu kwa `write` moja. Halafu aache kusoma kabisa huku seva ikimtumia data. Seva yako ikibaki imesimama, post. Ikianguka, usitufundishe bado.