Asilimia 7.5 au hesabu ya mwaka? Mwenye ploti, piga hesabu kwanza

Tarehe 20 ikikaribia, wateja wetu wenye nyumba za kupangisha Lurambi, Kefinco na Amalemba hutuuliza jambo moja: mbona walipe ushuru kwa kodi yote waliyopokea, na nusu yake imeshaenda kwa fundi na benki?

Wana haki ya kuuliza. Ushuru wa kodi ya nyumba za makazi ulianza 2016 kwa asilimia 10, ukashushwa hadi 7.5 kuanzia Januari 2024, na hauangalii gharama. Ukipokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, KRA inachukua asilimia 7.5 ya kilichoingia. Ritani na malipo ni kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Umepaka rangi? Umeita gari la kunyonya choo? Hiyo ni shauri yako.

Sheria imeacha mlango, lakini. Unaweza kumwandikia Kamishna kwamba unataka kutozwa kwa mwaka, kwa faida. Hapo unaondoa kwanza riba ya mkopo, ukarabati, bima, ada ya ardhi ya kaunti na malipo ya wakala. Siku hizi kuna ushauri unaosambaa kwamba kila mtu apitie mlango huo. Kwa wateja wetu wengi, hasa walimu na wauguzi, sisi tunaona ni ushauri mbaya.

Chukua ploti ya bedsita 10 karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, tuseme kila chumba 4,500 kwa mwezi. (Bei ni ya mfano tu, usimwonyeshe mpangaji wako.) Zikijaa mwaka mzima ni 540,000, na asilimia 7.5 yake ni 40,500. Sasa tuseme gharama zinazokubalika ni 380,000. Faida inabaki 160,000.

Kama mwenye ploti ni mzee asiye na mapato mengine, anatozwa asilimia 10, yaani 16,000, na nafuu ya kibinafsi ya 28,800 kwa mwaka inafuta yote. Halipi kitu. Lakini kama ni mwalimu ambaye mshahara wake unapita 32,333 kwa mwezi, faida hiyo inawekwa juu ya mshahara na kutozwa asilimia 30. Nafuu yake ilishatumika kwenye mshahara. Atalipa 48,000, kwa hivyo ujanja umemgharimu 7,500.

Kwa mtu wa asilimia 30, hesabu ya mwaka inamfaa tu gharama zikipita robo tatu ya kodi. Hiyo kwa kawaida ni ploti yenye mkopo mchanga, au iliyokaa tupu wanafunzi wakiwa likizo huku riba ikiendelea kukimbia. Na mwezi ambao hukupokea kitu, ukiwa kwenye mpango wa 7.5, bado unawasilisha ritani ya sufuri.

Tena usihesabu kila shilingi iliyotoka. Riba ya mkopo inakubalika. Mkopo wenyewe unaolipa, hapana. Kuziba paa linalovuja ni ukarabati. Kuongeza chumba cha 11 ni ujenzi.

Halafu kuna stakabadhi, na hapa tutasema jambo ambalo kampuni ya malipo kama yetu ingependa kunyamazia: meseji yetu peke yake haitoshi. Inaonyesha pesa ilienda kwa nani, haionyeshi ilinunua nini. Tangu Januari 2024 gharama nyingi zisizo na ankara ya eTIMS hazikubaliwi. Riba ya benki imesamehewa sharti hilo. Mabati na saruji, la. Kwa hivyo dukani toa PIN yako kabla ya kulipa. Fundi naye asikupe karatasi ya daftari. Anaweza kutoa ankara kwa simu yake kupitia *222#, ni vile tu wengi hawajaambiwa.

Na kama mbele ya ploti yako kuna vibanda vya duka, kodi yake haiingii kwenye mpango wa 7.5 hata kidogo. Inakwenda kwenye ritani ya mwaka, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Ipokee kwa nambari tofauti na ile ya vyumba, usije ukazitenganisha usiku wa Juni 29.